Kutoka Matadi mpaka Anvers: Habari za Mezani



Wajukuu zangu wakinizunguka jioni hunitaka niwasimulie safari yangu ya kwanza ya Ulaya. Hutazamia kusikia habari za dhoruba na nyangumi. Nikiwaambia kwamba kitu kilichonitesa zaidi baharini kilikuwa chakula, tena si kwa kukikosa bali kwa kukipata, hucheka wakidhani babu anafanya mzaha. Siwalaumu. Siku hizi mtu hupanda ndege Kinshasa jioni, akapewa sahani moja iliyofunikwa, akasinzia, na asubuhi yuko Bruxelles. Sisi tulikaa majini siku kumi na nne, na kila siku meza iliandaliwa mara tano.

Ulikuwa mwezi wa Septemba 1963. Nilikuwa kijana wa miaka 21, nimemaliza shule ya ualimu katika misioni moja ya Kivu, nikapata nafasi ya kuendelea na masomo miaka miwili huko Ubelgiji. Baba yangu alikuwa katekista. Usiku wa kuagana hakusema mengi: «Mwanangu, mgeni hutazamwa mikono mezani kabla ya kusikilizwa maneno.» Mama alinifungia karanga za kukaanga na vipande vya tangawizi kavu katika kitambaa. Mbuzi wawili walikuwa wameuzwa ili nishonewe suti nyeusi ya kushukia Ulaya, nayo fundi wa sokoni aliikata barabara kwa kipimo cha mwili wangu wa siku ile, bila kuacha nafasi hata ya kidole. Naomba muikumbuke suti hiyo.

Nilikwenda kwa ndege hadi Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, na kutoka huko kwa gari la moshi, kilomita 366, mpaka Matadi, juu ya reli ile iliyomalizika mwaka 1898 na ambayo watu wengi walizikwa kando yake walipokuwa wakiijenga. Gatini ilitungoja meli Charlesville. Urefu wake ulipita mita 150. Ilijengwa Hoboken karibu na Anvers, ikaanza kazi mwaka 1951. Chini ilipakia mizigo na juu abiria wapatao mia mbili. Nitasema sasa hivi jinsi ilivyoishia, kwa sababu sitarudi tena huko. Mwaka 1967 iliuzwa kwa Ujerumani ya Mashariki, ikapewa jina la Georg Büchner, ikatumika kama shule ya mabaharia, kisha ikakaa miaka mingi imefungwa bandarini Rostock. Tarehe 30 Mei 2013, ilipokuwa ikivutwa kwenda kuvunjwa, ilizama mbele ya pwani ya Poland. Niliposoma habari hiyo nilinyamaza kitambo. Sikuwaza mitambo yake wala sitaha zake. Niliwaza chumba cha kulia.

Chumbani tulilala wawili. Mwenzangu alikuwa fundi wa mitambo, mtu wa Kasai, mwenye umri wa miaka kama thelathini na mitano, naye alikuwa akienda kuongeza ufundi wake. Kiswahili alikijua vizuri, maana alikuwa amefanya kazi miaka mingi Jadotville, ndiyo Likasi. Aliniita ndugu mdogo, nami nilimwita mkubwa. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache, na kila alichokuwa nacho kilikuwa ndani ya sanduku moja la bati chini ya kitanda.

Meli iling'oa nanga asubuhi. Chini kidogo ya Matadi mto hupinda ghafula kati ya vilima, maji yakazunguka na kufoka, mahali ambapo mabaharia walipaita Chungu cha Jehanamu. Abiria wote walikuwa sitahani wakishika vyuma. Rubani peke yake hakuonyesha dalili ya kujali. Tukapita Boma, na jioni tukafika Banana, pale mto unapoingia baharini. Hata baada ya nchi kupotea machoni maji yalikuwa bado na rangi ya udongo, kana kwamba Kongo imekataa kutuacha. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba kwa mlango huohuo walipitishwa watumwa maelfu kwa maelfu. Walilishwa maharagi kwa kipimo, na waliokataa kula kwa huzuni walifumbuliwa vinywa kwa chuma. Wakati ule sikujua jambo hilo. Nilikuwa nikitegea sikio kengele ya chakula cha usiku.

Sasa mnielewe. Nilikuwa nimeishi miaka saba katika shule ya bweni, ambako ugali ulipimwa kwa kikombe na maharagi kwa upawa, na mwanafunzi aliyepewa siku ya kugawa sombe alikuwa na marafiki wengi kupita Askofu. Mtu wa namna hiyo akaketishwa mbele ya kitambaa cheupe, na mbele yake ikawekwa kadi iliyopigwa chapa kwa Kifaransa yenye vyakula tisa au kumi. Nilidhani kadi ile ni amri. Supu: nikanywa. Samaki kwa mchuzi wa siagi: nikala. Nyama ya ng'ombe na viazi, kuku baridi, jibini za namna tatu, keki, matunda: nikala vyote kwa utaratibu, nikiwatazama jirani ili nisikosee uma. Bibi mmoja wa Kibelgiji aliyeketi mbele yetu alichukua supu na tufaha, basi. Nikamhurumia, nikifikiri ni mgonjwa. Hakuna aliyeniambia kwamba kadi imeandikwa ili mtu achague. Na nyumbani kwetu nilifundishwa kwamba kuacha chakula cha mwenyeji ni kumtukana.

Ndivyo ilivyoendelea. Saa mbili asubuhi mayai na nyama ya nguruwe. Saa tano mchuzi wa moto ulipitishwa sitahani katika vikombe. Saa saba chakula kikubwa. Saa kumi chai na keki. Saa moja na nusu ya usiku chakula kingine kikubwa kupita kile cha mchana. Hapo sijahesabu kahawa na biskuti alizoleta mtumishi chumbani kabla ya jua kupanda vizuri. Biskuti hizo ndizo zilizoniaibisha kwanza. Jumapili Misa ilisomwa saa moja katika ukumbi mdogo. Tangu mwaka 1957 Papa Pius XII alikuwa amepunguza sharti la kufunga kabla ya Komunyo, likawa saa tatu tu kwa chakula, wala maji hayakukatazwa tena. Saa tatu! Wazee wetu walikuwa wakifunga tangu usiku wa manane na kutembea kilomita kumi na tano kwa miguu hadi misioni. Mimi nilikwisha kumeza biskuti nne kabla sijakumbuka kwamba ni Jumapili. Wengine waliposimama kwenda kupokea, mimi, mtoto wa katekista, nilibaki nimeinama kwenye kiti cha nyuma, na tumbo limejaa.

Padri aliyesoma Misa ile alikuwa mzee wa Mapadri Weupe aliyekuwa amekaa Maniema miaka thelathini, sasa akirudi kwao kupumzika. Baada ya Misa alinipita mlangoni, akanitazama, akauliza tu: «Kahawa ilikuwa nzuri?» Nikaona haya mpaka masikioni.

Usiku wa nne au wa tano baharini niliamka nikasikia mlio wa karatasi. Mkubwa alikuwa amepiga magoti kando ya sanduku lake la bati. Kwa mwanga mdogo wa mlangoni nilimwona akitoa mikate miwili midogo mfukoni mwa koti, ile ya mviringo iliyowekwa karibu na sahani kila tulipokula, akaifunga katika gazeti na kuipanga sandukuni juu ya mingine. Kulikuwa na mingi. Ndipo nilipofahamu kwa nini mezani alikula polepole, akaacha nyama nusu, lakini mkate wake hukuuona tena.

Nilidhani hanioni. Akasema bila kugeuka: «Ndugu mdogo, unaogopa mwizi?»

Nikajibu: «Hapana, mkubwa. Lakini chakula kipo kila siku. Kesho watatupa tena.»

Alifunga sanduku, akaketi kitandani, na kwa mara ya kwanza alinisimulia. Mwaka 1960 vita na chuki vilipozuka, alihama na mke na watoto watatu akaenda Bakwanga, ambayo leo huitwa Mbuji-Mayi, kama walivyofanya wakimbizi wengi mno wa kabila lake. Nchi ile haikuweza kuwalisha wote. Mwisho wa mwaka ule na mwanzo wa 1961 njaa iliingia. Misaada ya Umoja wa Mataifa na ya misioni ilifika, ikaokoa wengi, lakini kwa watoto wake wawili ilifika imechelewa. Hakusema majina yao. Alisema tu kwamba mdogo alikuwa akiomba mkate, ambao aliuonja Jadotville, wala hakutaka kitu kingine.

«Wewe unailipa njaa ya jana,» akaniambia. «Mimi naiwekea akiba ya kesho. Lala.»

Sikulala. Hata hivyo, wasomaji wapenzi, lazima niseme ukweli: asubuhi nilikula mayai kama kawaida. Siku ileile tulivuka mstari wa ikweta, wazungu wakamwagiana maji na kuvaa ndevu za katani kama ilivyo desturi ya mabaharia, na mimi nilikula keki mbili za sherehe. Moyo wa mtu waweza kuguswa na tumbo lisiwe na habari.

Suti ndiyo iliyotoa habari. Tulipotia nanga Tenerife kuchukua mafuta na maji, abiria waliruhusiwa kushuka kwa saa chache. Mlima Teide, wenye mita 3,718, ulionekana umesimama juu ya mawingu, na watu walikuwa wakiuza ndizi gatini kana kwamba tuko Uvira. Nilitaka kushuka kwa heshima. Nikavaa suti nyeusi, nikavuta pumzi, nikafunga kifungo cha suruali, na kifungo kikaruka mpaka chini ya kitanda cha mkubwa. Nilishuka Tenerife na suruali kuukuu ya shule.

Baada ya visiva vile bahari ilibadilika. Mpaka hapo ilikuwa shwari kama Kivu asubuhi; sasa mawimbi marefu ya kijivu yalitujia kutoka magharibi, na tulipokaribia Ghuba ya Biscay meli ikaanza kuinama mbele na ubavuni kwa pamoja. Chumba cha kulia kilibaki karibu kitupu. Mimi nilikwisha kula mchana, tena nyama ya mafuta. Sitaeleza yaliyofuata. Usiku kucha na siku nzima nilikumbatia ndoo, nikiwa na hakika kwamba nitazikwa majini na mbuzi wawili wa baba yangu watakuwa wameuzwa bure.

Padri mzee alikuja kunitazama. Ilikuwa Jumamosi ya zile siku za kufunga za mwezi wa Septemba, ambazo Kanisa wakati ule lilizishika katika majira manne ya mwaka. Nilimwuliza kwa sauti ndogo kama Mungu ananiadhibu.

«Mwanangu,» akasema, «msafiri huweza kusamehewa kufunga. Hasamehewi kufikiri. Mungu hana haja ya kukuadhibu. Nyama ya nguruwe yatosha.»

Kisha akanieleza, maana alikuwa mwalimu hata kando ya ndoo. Ndani ya sikio mna kiungo kidogo kinachopima mwendo na usawa wa mwili. Ukiwa umejifungia chumbani, macho husema kila kitu kimetulia, sikio husema tunayumba. Kichwa hupokea habari mbili zinazopingana, na tumbo ndilo linalolipa deni. Kwa hiyo mtu apande sitahani, asimame karibu na katikati ya meli ambapo mwendo ni mdogo, atazame mbali pale mbingu na maji vinapokutana. Asijaze tumbo, wala asiliache tupu kabisa, kwa kuwa tumbo tupu nalo huzidisha kichefuchefu. Ale kidogo kidogo vitu vikavu visivyo na mafuta, anywe maji kwa vijiko, aache pombe. Alipoona kitambaa cha mama alikinusa, akatoa kipande cha tangawizi, akanitia mdomoni: «Mama yako ni daktari.» Akanipa na limau, na papo hapo akaanza habari za James Lind, daktari wa meli za Kiingereza, ambaye mwaka 1747 aliwagawa wawili wawili mabaharia kumi na wawili waliooza fizi, kila jozi akaipa dawa yake, na waliopewa machungwa na malimau wakapona mbele ya wote. Mabaharia wale, akasema, hawakukosa chakula. Walikosa chakula cha namna nyingine. Nilimsikiliza nusu. Habari yenyewe niliisoma vizuri baadaye, nikaona hakukosea.

«Sasa unahitaji mkate mkavu,» akamalizia. «Si ule mpya wa moto. Wa juzi, mgumu.» Akaondoka kwenda kuutafuta jikoni.

Mkubwa alikuwa ameketi kitandani kwake. Alitazama mlango. Alitazama sanduku. Aliendelea kulitazama kwa muda mrefu hata nikageuza uso wangu ukutani ili nisimwone. Kisha nikasikia bati likifunguka, na gazeti, na mkononi mwangu ukawekwa mkate mdogo mgumu kama jiwe la mto. Niliutafuna kwa nusu saa. Ulikaa tumboni. Padri aliporudi na mkate wa jikoni alitukuta hivyo, akauweka mezani, asiulize kitu.

Siku mbili zilizobaki nilikula supu na tufaha, kama yule bibi wa Kibelgiji, ambaye alinitolea tabasamu kwa mara ya kwanza. Mkubwa alinishonea kifungo kwa uzi wa gunia.

Kushuka melini kulianza tangu usiku uliotangulia. Kila abiria aliandikiwa karatasi yenye herufi ya kwanza ya jina lake, akaibandika kwenye mizigo, na mizigo ikawekwa nje ya mlango ili mabaharia waichukue. Waliojua desturi waliwapa watumishi bahasha ya shukrani. Mimi niliwapa karanga za mama, na mmoja wao alizila hapohapo. Mkubwa hakukubali kuliweka sanduku lake nje. Alisema atalibeba mwenyewe.

Asubuhi tulikuwa mtoni Escaut, nchi pande zote mbili imelala chini kuliko sitaha yetu, na kwa mbali ukaonekana mnara wa Kanisa Kuu la Mama Yetu la Anvers, wenye mita 123, kabla hatujaona nyumba hata moja ya mji. Tukapangwa mstari mbele ya daktari, kila mtu na kijitabu chake cha chanjo ya homa ya manjano na ya ndui. Ndui ilikuwa bado ikiua watu, haikutangazwa kwamba imekwisha duniani mpaka mwaka 1980. Nilikuwa nimekonda usoni na macho yameingia ndani. Niliogopa atasema: huyu ni mgonjwa, abaki. Alinitazama ulimi, akauliza: «Biscay?» Nikajibu: «Ndiyo, bwana daktari, na nyama ya nguruwe.» Akapiga muhuri.

Suti ilifungika. Nikateremka ngazi na mgongo umenyooka kama nilivyoazimia tangu Bukavu, nikakanyaga mawe ya Ulaya, na mawe yakainama. Naam, nchi kavu iliyumba kama meli. Mwili uliozoea mawimbi huendelea kuyangojea hata yakiwa hayapo. Kwangu jambo hilo lilidumu siku mbili. Nilishika bega la mkubwa nisianguke.

Forodhani tulipangwa kwa herufi. Ofisa wa meza yetu alikuwa mtu mzima mwenye masharubu ya kijivu na chaki mkononi. Yangu aliitazama kwa haraka. Kisha akagonga sanduku la bati. Mkubwa alilifungua. Juu palikuwa na shati moja, Kitabu cha Sala, na chini yake mikate: mikate midogo, mikavu, safu juu ya safu, kila miwili katika gazeti lake. Vijana waliokuwa nyuma yetu katika mstari walicheka. Ofisa alichukua mmoja, akaugonga kwa ukucha, akaugeuza. Mkubwa hakusema neno. Alisimama kama mtu anayengoja hukumu, na Kifaransa changu chote cha shule kiliniacha.

Ofisa aliurudisha mkate mahali pake, ndani ya gazeti lake, akaulaza shati juu. «Baada ya vita,» akasema kwa sauti ya chini, «mama yangu aliificha chini ya kitanda. Miaka yote.» Akafunga kifuniko kwa mikono miwili, akachora msalaba wa chaki, akaita anayefuata.

Nje mvua ilikuwa ikinyesha, mvua nyembamba ya baridi ambayo sikuwa nimeiona kwetu. Mkubwa alishika kishikio kimoja cha sanduku, mimi nikashika cha pili, tukaanza kutafuta kituo cha gari la moshi, na chini ya miguu yangu ardhi ilikuwa bado inatembea.